Okidi Bukavu: mwongozo kamili, kuanzia tawi la msituni hadi barazani

Okidi nyingi zinazokufa katika nyumba za Bukavu hufia kwenye udongo mzuri. Mtu ananunua mmea au anapewa zawadi, anautafutia udongo mweusi wenye rutuba, anaumwagilia kila asubuhi, na baada ya miezi michache majani yanalegea na mizizi yote imeoza. Bidii haikupungua. Kilichokosekana ni habari moja tu: mmea ule kwao huishi wapi. Ukishajua kama huishi juu ya tawi, juu ya jiwe au katikati ya nyasi, na kama kwao kuna baridi au joto, kazi inayobaki ni ndogo.

Tena hali ya hewa ya hapa inatusaidia. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460, na mitaa ya mji inapanda milimani kutoka hapo. Mchana joto si kali, usiku hupoa hadi karibu nyuzi 15, mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, kisha kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kwa okidi za milimani, hiyo ni nusu ya matunzo.

Hatua ya 1: Usome mmea kabla ya kutafuta chungu

Familia ya okidi ina aina zipatazo 28,000, na nyingi zaidi huishi juu ya miti. Hazinyonyi mti. Zinashika gome tu, zinakula vumbi, majani yaliyooza na kinyesi cha ndege kinacholetwa na maji ya mvua yakiteremka. Kwa hiyo ukiziona kwenye mti wa avoka wa nyumbani kwenu, usizikwangue ukidhani zinaumaliza mti. Mimea inayonyonya mti huingiza mizizi ndani ya mbao. Okidi hubaki juu ya gome, na unaweza kuufuata mzizi wake kwa kidole mwanzo hadi mwisho.

Mzizi huo ndio wa kutazama kwanza. Mzizi wa okidi ya juu ya mti ni mnene na mweupe, umefunikwa na tabaka linalofyonza maji kama sponji. Ukilowa hugeuka kijani kwa dakika chache, ukikauka unarudi kuwa mweupe. Mzizi wa namna hiyo umeumbwa uloweshwe haraka kisha ukaushwe na upepo. Ukiufukia kwenye udongo unaoshikilia maji unakosa hewa, na kuvu wanauingia.

Kisha tazama majani na mashina. Majani mazito na magumu huvumilia jua na ukavu. Majani membamba na laini yanataka kivuli na unyevu. Mashina yaliyovimba chini ya majani ni maghala ya maji, na okidi yenye maghala hayo kwa kawaida imezoea msimu mkavu. Isiyo nayo, kama vile Phalaenopsis inayouzwa sana kwa zawadi, haipendi kukaa kavu muda mrefu. Ukiona viazi ardhini chini ya majani, hiyo ni okidi ya nyasini. Hizo kwa mtu anayeanza nashauri aziache kabisa, na sababu nitaieleza.

Hatua ya 2: Ujue kila aina ilikotoka

Mwalimu tunaye karibu. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970 na kuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 1980. Inaanzia misitu ya magharibi yenye mwinuko wa mita 600 hivi na kupanda hadi kilele cha Kahuzi chenye mita 3,308. Ukipanda mlima huo unapita ngazi kwa ngazi: msitu mzito wa milimani, kisha mianzi kati ya mita 2,350 na 2,600, kisha vichaka vya baridi vya juu. Okidi hubadilika kwa kila ngazi. Usizitafute chini tu. Inua macho kwenye matawi yenye kuvu-mwani na ukoga wa kijani, hasa yale yanayoning'inia juu ya mito, maana hapo ukungu wa asubuhi hukaa muda mrefu.

Katika misitu ya milima ya Afrika ya kati na mashariki, jenasi (kundi la aina zenye undugu wa karibu) utakayokutana nayo mara nyingi ni Polystachya. Ina aina zaidi ya 200 na nyingi ni za Afrika. Maua yake ni madogo, na yanaonekana yamegeuka, sehemu ambayo kwa okidi nyingine huwa chini ikiwa juu. Polystachya cultriformis ni rahisi kuitambua: kila shina lililovimba lina jani moja tu. Mtu aliyezoea maua makubwa ya dukani anaweza kuipita. Mimi naiona ndiyo okidi nzuri kuliko zote za kwetu, kwa sababu inaridhika na tawi dogo na inachanua kwa wingi.

Kundi la pili ni zile za maua meupe yenye mkia mrefu unaobeba asali: Aerangis, Cyrtorchis, Angraecum. Zinanukia jioni na usiku kwa sababu wanaozitembelea ni nondo. Cyrtorchis arcuata ina maua ya nyota meupe yanayogeuka rangi ya machungwa yakizeeka. Aerangis luteoalba ya aina iitwayo rhodosticta, ambayo huota Kongo, Uganda, Kenya na Tanzania, ni kimmea kidogo cha vitawi vyembamba, ua lake lina rangi ya maziwa na nukta nyekundu katikati. Hizi zinataka kivuli, unyevu hewani na mizizi iliyo wazi kabisa.

Ukishuka kwenye nchi ya joto, kama bonde la Ruzizi kuelekea Uvira au misitu ya miombo ya Katanga, utamkuta Ansellia africana. Ni mkubwa, maua ya njano yenye madoa ya hudhurungi, na mizizi mingine inasimama kuelekea juu ili kukusanya majani yanayodondoka. Huyo anataka jua na msimu wa ukavu halisi.

Chini, kwenye nyasi na mabwawa, kuna Satyrium, Habenaria, Disa na Eulophia. Eulophia horsfallii ya kwenye matope ya mabwawa inaweza kumzidi mtu urefu. Disa stairsii ina maua ya waridi na hukaa juu sana, kwenye ukoga na baridi. Okidi za nyasini hutegemea kuvu maalumu wa udongo wa pale pale zilipo. Ukizing'oa na kuzileta kwenye chungu, zinaweza kutoa jani mwaka mmoja kwa akiba ya kiazi, kisha zikapotea. Ndiyo maana nasema ziachwe. Wenzetu wa Lubumbashi wanazijua kwa njia nyingine: viazi vyake hupondwa na kupikwa pamoja na karanga, ndiyo chikanda. Kiazi kikichimbwa mmea umekwisha, kwa hiyo walaji wakiongezeka wachimbaji hulazimika kwenda mbali zaidi.

Hatua ya 3: Upate mmea kwa njia safi

Ndani ya hifadhi usiguse kitu, hata tawi lililoanguka. Sheria ya uhifadhi wa asili ya 2014 inalinda vilivyomo, na ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi, ndiyo inayosimamia. Tena familia nzima ya okidi imo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ambao nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliingia 1976. Maana yake ni kwamba kuvusha okidi mpakani, hata pale Ruzizi, kunahitaji kibali. Muuzaji akikuambia mmea umetoka nje, muulize karatasi zake.

Zimebaki njia tatu zilizo halali na nzuri. Ya kwanza ni kununua mmea uliozalishwa kitaluni. Utaujua: mizizi imejaa chungu, majani hayana ukoga wala makovu ya wadudu, mimea kadhaa ina ukubwa mmoja. Mmea wa msituni una mizizi iliyokatwa, majani yenye matobo na vipande vya gome bado vimeshikamana. Huo usiununue hata kwa bei ndogo, maana ukiununua leo, kesho muuzaji atarudi msituni kuleta mwingine.

Ya pili ni kuomba kipande kwa mwenye mmea mkubwa. Bustani za zamani za mji huu zina okidi ambazo wenyewe hawajui kuwa ni okidi, hasa Epidendrum yenye mashina marefu kama matete na vichala vya maua mekundu au machungwa. Asili yake ni Amerika, lakini hukubali mikono ya mtu anayeanza: inaota hata kwenye kokoto, inapenda jua, na kila shina hutoa watoto wenye mizizi yao.

Ya tatu ni kuokoa. Mti wa zamani ukikatwa kwenye kiwanja chenu au shambani, jakaranda au avoka, pitia matawi yake kabla hayajawa kuni au makala. Omba ruhusa ya mwenye mti. Kata kipande cha tawi pamoja na okidi yake, usiibandue. Eukaliptasi usipoteze muda nayo, gome lake hubanduka kila mara na okidi haipati pa kushika.

Hatua ya 4: Uchague aina kwa mwinuko wako

Hapa watu hupoteza pesa, kwa hiyo nitasema wazi.

Cymbidium inafaa sana Bukavu. Kwao ni milima ya Asia, na inahitaji usiku wa baridi ili itoe maua. Dendrobium nobile, ya miteremko ya Himalaya, nayo inafaa, kwa sababu kiangazi chetu kinafanana na msimu wake wa kupumzika. Cattleya za Amerika zinakubali zikipewa mwanga mwingi. Phalaenopsis asili yake ni misitu ya joto ya Asia ya kusini mashariki, basi huku iweke ndani ya nyumba, mbali na dirisha linaloachwa wazi usiku. Ubaridi mdogo wa hapa hauidhuru, kwa kweli ndio unaoichochea itoe kikonyo cha maua.

Vanda mwachie aliye Uvira au Kisangani. Anataka joto na mwanga mkali mwaka mzima. Hapa ataishi, ila atakaa bila ua.

Hatua ya 5: Mahali pa kuweka

Baraza inayotazama mashariki ndiyo bora: jua la asubuhi hadi saa nne, kisha kivuli. Tuko karibu sana na ikweta, upande wa kusini wake kidogo, kwa hiyo jua huhama. Kuanzia Aprili hadi Septemba linaelemea kaskazini, na Novemba hadi Februari linaelemea kusini. Baraza iliyokuwa na kivuli Desemba inaweza kuunguza majani Julai, tena kiangazi mawingu ni machache. Sogeza vyungu mapema.

Rangi ya majani itakuambia. Kijani kilichokolea sana maana yake mwanga hautoshi, na maua hayatakuja. Kijani chepesi ni sawa. Njano yenye mabaka makavu upande mmoja ni jua lililozidi.

Tundika juu kadiri uwezavyo, hewa izunguke. Lakini okidi ya thamani isikae nje bila paa, kwa sababu mvua ya mawe ya dakika kumi inaweza kuharibu majani ya miaka mitatu.

Hatua ya 6: Upande bila udongo

Usinunue kitu cha ajabu. Vifaa tunavyo:

- makala ya mbao ngumu, vipande vya ukubwa wa kidole gumba, yaliyooshwa hadi maji yatoke safi;
- mawe mepesi ya volkano yenye matundu, yanayopatikana kwa wingi upande wa Goma, nayo yaoshwe;
- vipande vya tofali la kuchoma;
- gome la msonobari lililokaushwa, lichemshwe kwanza kuua wadudu.

Kwa Cattleya na Dendrobium changanya makala na mawe nusu kwa nusu. Kwa Phalaenopsis na Cymbidium ongeza gome, lishike unyevu kidogo. Shina la kangaga mti wengine hulipenda sana, ila hukatwa msituni na hukua polepole mno. Usilitumie.

Chungu kiwe na matobo mengi, chini na ubavuni. Bido ya plastiki iliyokatwa inatosha kabisa ukiitoboa kwa msumari uliopashwa moto. Weka mmea pale majani yanapoanzia pakiwa juu ya vipande, usiuzamishe. Ukitikisika, ufunge kwenye kijiti mpaka mizizi ishike, maana mmea unaotikisika hautoi mizizi mipya.

Polystachya, Aerangis na jamaa zao zifunge kwenye kipande cha mbao chenye gome, cha mti wa avoka au mkahawa mzee. Tumia ukanda wa soksi ya nailoni, unanyumbuka na haukati mzizi. Kitundike wima, uso wa majani ukielekea chini kidogo ili maji yasituame katikati ya majani.

Hatua ya 7: Maji

Maji ya Ziwa Kivu usiyatumie. Yana chumvichumvi nyingi zinazoletwa na chemchemi za volkano zilizo chini ya ziwa, na kikemia yako upande wa alkali, kinyume cha asidi (pH karibu 9). Utaona ukoko mweupe juu ya makala na ncha za mizizi zikiwa nyeusi. Kinga mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati, kuanzia ya pili jaza pipa na ulifunike mbu wasizaliane. Maji ya bomba yanafaa yakikosekana ya mvua, ila mara moja kwa mwezi suuza chungu kwa maji mengi ya mvua ili chumvi itoke.

Mwagilia asubuhi. Majani yaliyolala na maji usiku wa nyuzi 15 huoza. Mara ngapi? Usihesabu siku, tazama mizizi. Ikiwa bado ya kijani, subiri. Ikiwa nyeupe yote, mwagia mpaka maji yatiririke chini, kisha uache. Inua chungu kwa mkono pia: kikiwa chepesi, kimekauka. Katika majira ya mvua chungu cha barazani kinaweza kukaa siku nyingi bila kudai kitu, wakati okidi iliyofungwa kwenye mbao inataka kuloweshwa karibu kila siku ya kiangazi.

Sahani chini ya chungu iondoe. Hiyo peke yake imeua okidi nyingi.

Hatua ya 8: Chakula

Kidogo sana. Mbolea ya NPK 17-17-17 inayouzwa kwa wakulima inatosha: kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwenye lita 10 za maji, ilale usiku kucha, ichujwe kwa kitambaa. Wape mara moja kila wiki mbili wakati majani mapya yanakua, juu ya mizizi iliyokwisha kuloweshwa. Juni na Julai acha. Samadi mbichi isikaribie.

Hatua ya 9: Kiangazi ndicho kinacholeta maua

Juni inapoingia watu huona mvua imekatika wakaongeza maji. Kwa okidi zenye mashina yaliyovimba fanya kinyume. Dendrobium nobile ikipunguziwa maji na kunyimwa mbolea tangu Juni, ikabaki kwenye mwanga mwingi na ubaridi wa usiku, majani kadhaa yatadondoka na utadhani inakufa. Iache. Mwagia kidogo tu mashina yakianza kukunjamana sana. Vivimbe vikitokea kwenye vifundo vya shina, subiri uone wazi kuwa ni vichwa vya maua ndipo urudishe maji. Ukiyarudisha mapema, vivimbe hivyo hugeuka vichipukizi vya majani na mwaka wa maua umepotea.

Cymbidium isinyimwe maji kabisa, ipate tu baridi ya nje. Phalaenopsis ikishamaliza maua, usikate kikonyo kikiwa kijani. Juu ya kifundo cha pili au cha tatu kinaweza kutoa tawi jipya la maua.

Hatua ya 10: Magonjwa

Doa jeusi lenye majimaji linaloenea kwa siku mbili tatu ni uozo. Kata kwa wembe uliopitishwa kwenye moto, ukate mpaka sehemu safi, paka mdalasini wa kusaga kwenye jeraha la jani (usipake kwenye mizizi, unaikausha), na uache mmea bila maji kwa siku chache. Wadudu gamba na wale wa unga mweupe hujificha chini ya majani: wafute kwa pamba yenye maji ya sabuni, rudia kila wiki kwa mwezi mzima kwa sababu mayai huanguliwa baadaye. Konokono wanaokula ncha za mizizi watafute usiku kwa tochi.

Hatua ya 11: Kubadilisha chungu na kuzidisha

Badilisha chungu pale tu mizizi mipya inapoanza kuchomoza, iwe ni baada ya miaka miwili au mitatu. Septemba, mvua zikirudi, huwa wakati mzuri. Ondoa mizizi iliyooza, bakiza migumu. Ukigawa Cattleya au Cymbidium, kila kipande kiwe na mashina matatu au zaidi. Kipande cha shina moja kitaishi lakini kitachukua miaka kabla ya kuchanua.

Mbegu je? Tumba moja la okidi hubeba mbegu laini kama vumbi, kwa malaki, na kwa aina nyingine kwa mamilioni, lakini ndani ya mbegu hamna akiba ya chakula. Msituni huota pale tu zinapomkuta kuvu wa kuzilisha. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba zinaweza kuota bila kuvu, ndani ya chupa safi yenye sukari na madini, na vitalu vya dunia nzima hufuata njia hiyo hadi leo. Jikoni ni vigumu kwa sababu ukungu huingia chupani. Maabara ndogo yenye chombo cha kuchemshia kwa mvuke inatosha, na mkoa wetu una watu wa sayansi wa mimea, kama walioko kituo cha utafiti cha Lwiro chenye hebaria yake, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa. Tumba likikomaa kwenye Polystachya uliyoiokoa shambani, liachie lipasukie hapo hapo barazani ikiwa kuna miti mizee jirani. Upepo utazibeba hadi kwenye gome lao.